Wapagani wa Leo na Meza ya Shukrani: Maswali ya Wasomaji

Kuanzia Agosti hadi Novemba tunapokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji walioko Marekani, Kanada na Uingereza, na nyingi zinagusa jambo moja: jirani, mkwe au mfanyakazi mwenzao ni mpagani, na sikukuu ya mavuno au ya shukrani inakaribia. Wapagani wanaozungumziwa hapa si watu wasio na dini. Ni wafuasi wa dini zilizofufuliwa au kuundwa upya kwa kufuata imani za Ulaya ya kabla ya Ukristo: watu wa Wicca wanaoabudu mungu wa kike na wa kiume, Wadruidi wanaofuata mapokeo ya makuhani wa Wakelti wa kale, Waasatru wanaoabudu miungu ya kaskazini kama Thor na Freyr, na wale wanaofuata miungu ya Wagiriki wa kale. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa wapagani, na wengine wapatao 13,000 wakaandika Wicca. Kwa hiyo kuketi nao meza moja si jambo la ajabu, na mtu akijua wanachofanya na sababu yake, hofu nyingi huondoka.

Nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwenzangu mmoja ni mpagani, na aliniambia ameshafanya karamu tatu za mavuno tangu Agosti. Mbona Novemba naye anaomba likizo ya Thanksgiving (Sikukuu ya Shukrani) kama sisi? Ni sikukuu yake au si yake? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Si yake kidini, lakini ni yake kifamilia, na wapagani wengi wa Marekani huishika kwa namna hiyo.

Kalenda inayofuatwa na watu wa Wicca na Wadruidi wengi ina sikukuu nane, na tatu kati ya hizo ni za mavuno. Ya kwanza ni tarehe 1 Agosti, iitwayo Lammas au Lughnasadh, siku ya nafaka na mkate wa kwanza. Ya pili huangukia ikwinoksi ya Septemba, kwa kawaida tarehe 22 au 23, usiku na mchana vinapolingana. Hapo hushukuriwa matunda, zabibu na mboga. Ya tatu ni Samhain, usiku wa Oktoba 31. Ulaya ya zamani huo ulikuwa wakati wa kuchinja mifugo ambayo isingepata malisho wakati wa baridi, na ndio usiku wa kuwakumbuka wafu. Sikukuu zenyewe zina asili tofauti tofauti. Kuzikusanya ziwe nane katika mzunguko mmoja ni kazi ya Uingereza ya miaka ya 1950, hasa ya Gerald Gardner wa Wicca na Ross Nichols wa Wadruidi. Jina Mabon, ambalo wengi huipa ile ya Septemba, lilipendekezwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Wapagani wenye elimu ya dini yao hawaoni aibu kulisema hilo.

Waasatru hawafuati hesabu hiyo kila mara. Wengi wao hufanya karamu ya Usiku wa Majira ya Baridi katikati au mwishoni mwa Oktoba.

Sikukuu ya Shukrani haimo katika mzunguko huo hata kidogo. Ilitangazwa na serikali. Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, baada ya mwandishi Sarah Josepha Hale kuipigania kwa miaka mingi, na Bunge la Marekani likaiweka kisheria Alhamisi ya nne ya Novemba mwaka 1941. Kwa kuwa haina ibada maalumu inayomlazimu mtu, mpagani anaweza kuketi mezani bila kuikana dini yake. Mwenzako amegawa shukrani zake: za Agosti, Septemba na Oktoba amezipeleka kwa miungu na ardhi, na ya Novemba anaipeleka kwa mama, shangazi na ndugu. Sisi tunaona mgawanyo huo una busara.

Kuhusu zamu, muulize kama mnaweza kubadilishana. Sikukuu yake ya majira ya baridi huwa tarehe 21 au 22 Desemba, na wapagani wengi hukubali kufanya kazi tarehe 25 wakipewa siku hiyo. Ila mwulize mapema, na usimchukulie kuwa hana familia ya Kikristo inayomsubiri siku ya Krismasi.

Mwanangu ameoa Mmarekani wa Wicca. Mwaka huu watakuja kwetu siku ya Shukrani. Mume wangu ni mzee wa kanisa, lazima aombe kabla ya chakula. Hatutaki kumwaibisha mtoto wa watu, lakini pia hatutaki mambo ya mizimu mezani petu. Tufanyeje? (Mama mkwe, Dallas, Texas)

Shikamoo mama. Tuanze na hofu. Watu wa Wicca hawamwabudu Shetani. Kwao hayumo kabisa, kwa sababu Shetani ni wa mafundisho ya Kikristo na Kiislamu. Maadili yao yanajengwa juu ya agizo la kutomdhuru yeyote. Tena ibada yao ina mahali pake na maandalizi yake. Haianzishwi ghafla kati ya wali na bata mzinga. Mkweo akija kwako amekuja kula na kujuana nanyi.

Mpigie simu wiki moja kabla, wewe mwenyewe, usimtume mwanao. Muulize mambo matatu: kuna chakula asichokula? Angependa kuleta nini? Na baba atakapoomba, angependa kufanya nini? Swali la tatu ndilo lenye uzito, na likiulizwa mapema kwa upole huondoa wasiwasi wa pande zote mbili. Wengi hujibu kwamba watakaa kimya na kuinamisha kichwa kwa heshima ya mwenye nyumba. Wengine hupenda kusimama kimya bila kufumba macho. Vyote viwili vikubaliwe.

Baba na aombe kama mwenye nyumba, kwa imani yake, bila kuipunguza. Kinachoharibu si sala bali mambo mawili yanayoingizwa ndani yake. La kwanza ni kumwombea mgeni "afunguliwe macho" huku amekaa pale pale. La pili ni kumgeukia baada ya amina na kumwambia, "Haya, nawe omba kwa miungu yako tusikie." Hata likisemwa kwa nia njema, anaonekana kama maonyesho. Mwambie mzee mapema, tena mkiwa wawili tu.

Baada ya sala, fanyeni duru ya shukrani, ambayo kila mtu anaweza kuishiriki kwa imani yake au bila imani yoyote. Kila mmoja amtaje mtu mmoja aliyemfanyia jambo mwaka huu na jambo lenyewe: "Namshukuru dada aliyenipeleka kliniki Machi." Shukrani ya jumla kama "nashukuru kwa afya na uzima" haitoshi, maana haimgusi yeyote. Aanze mkubwa kwa umri, iteremke hadi kwa watoto. Mkiwa zaidi ya 10, duru ifanywe wakati wa vitamutamu, au kila mtu aseme sentensi moja tu. Watu 15 wakisema dakika mbili mbili ni nusu saa, na nyama imeshapoa.

Huenda akaomba kutenga sahani ndogo kwa ajili ya waliotangulia. Wapagani wengi hufanya hivyo msimu huo. Kama dhamiri yenu haikubali, semeni wazi: "Mezani petu hatufanyi hivyo, lakini bustani ni yako." Atatoka baada ya kula, amimine kidogo cha maji ya tufaha au aweke kipande cha mkate chini ya mti, arudi. Dakika tano zimekwisha. Wazee wa makabila yetu mengi walimwaga tone la kinywaji chini kabla ya kunywa, kwa hiyo kitendo chenyewe mzee atakitambua, hata kama kanisa lake limemfundisha kukiacha.

Na siku mtakayoalikwa kwao, tegemeeni shukrani kwa ardhi, kwa mnyama aliyeliwa na kwa waliolima. Ombeni sala yenu kimoyomoyo. Heshima mliyoidai kwenu muipeleke kwao.

Nasoma Leeds. Darasani nimealikwa kwenye ibada ya wazi ya ikwinoksi, katika bustani ya umma. Mimi ni Mwislamu kutoka Unguja. Huwa kunafanyika nini, na nikifika nitalazimika kunywa pombe? (Mwanafunzi, Leeds)

Pombe hutalazimika. Kama ushiriki wenyewe unaruhusiwa, hilo mpelekee mwalimu wako wa dini. Sisi tutakueleza sehemu zipi ni ibada na zipi ni chakula tu, ili swali lako kwake liwe na uhakika.

Ibada ya wazi ya mtindo wa Wicca huendeshwa hivi. Watu hukusanyika, na kiongozi hueleza kitakachofanyika. Kisha husimama duara na duara hutengwa kuwa mahali patakatifu, kwa mtu kulizunguka. Pande nne huitwa: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Halafu miungu hualikwa. Katikati ndipo lilipo jambo lenyewe la siku hiyo. Septemba mara nyingi hukatwa tufaha kwa upande, si kuanzia kwenye kikonyo, ili mbegu zionekane zimepangika kama nyota ya ncha tano, kisha kila mtu husema anachoshukuru. Hufuata kinywaji na keki au mkate vikizungushwa, kiasi kingine kikimiminwa ardhini. Mwisho miungu na pande nne huagwa na duara hufunguliwa. Baadaye watu hutandika mikeka na kula vyakula ambavyo kila mmoja ameleta.

Kwa hiyo kuanzia kutengwa kwa duara hadi kufunguliwa ni ibada, na kinywaji cha ndani ya duara kimo katika ibada, hata kiwe juisi. Mlo wa mwisho ni mlo. Mwandikie aliyekualika umuulize chakula huanza saa ngapi, na useme ungependa kufika wakati huo. Ombi kama hilo ni la kawaida na halimkwazi mtu. Wengine husimama nje ya duara wakitazama. Hili pia huruhusiwa katika ibada nyingi za wazi, lakini uliza kwanza, na usipige picha bila ruhusa. Wapo wapagani ambao waajiri au wazazi wao hawajui dini yao.

Ukiwa ndani ya duara na ukataka kutoka, usiondoke tu. Mwashirie kiongozi, naye atakufungulia njia. Kwao kukatiza duara ni kuvuruga kilichojengwa.

Kikombe kikikufikia na hutaki, kiinue kidogo kisha mpe anayefuata. Makundi mengi huwa na vikombe viwili, kimoja hakina pombe. Peleka chakula kilichoandikwa viambato vyake kwenye karatasi: karanga, maziwa, unga wa ngano, nyama. Kwenye mikusanyiko hii wasiokula nyama huwa wengi, na mtu asiyejua kilichomo huacha chakula chako kizuri kikirudi nyumbani.

Siku nyingine ukialikwa na Waasatru, utaratibu ni tofauti. Kwa kawaida hawatengi duara wala hawaiti pande nne. Pembe yenye pombe ya asali au maji ya tufaha huombewa, wahudhuriaji hunyunyiziwa kwa kitawi, na kinachobaki humiminwa ardhini. Baadaye huweza kuwapo duru za kuinua pembe: ya kwanza kwa miungu, ya pili kwa wahenga na mashujaa, ya tatu kwa shukrani, majigambo au kiapo. Usiape kwa kufuata mkumbo. Kiapo juu ya pembe kwao ni deni, na waliokisikia watakudai. Na yeyote anayekunywa kwenye pembe aielekeze ncha pembeni au chini. Ncha ikitazama juu, hewa huingia ghafla ndani na kinywaji chote humrukia usoni.

Nilioka mkate wa umbo la mganda wa ngano kwa ajili ya rafiki yangu mdruidi. Ulifura, masuke yakapotea, ukawa kama mto wa kulalia. Nilikosea wapi? (Mwokaji, Birmingham)

Hamira. Mkate huu hauokwi kama mkate wa chai. Unga lazima uwe mgumu na hamira iwe kidogo sana, la sivyo kila ulichochonga hufutika ndani ya oveni.

Tumia unga wa ngano wa mkate gramu 750, chumvi gramu 12, hamira kavu gramu 4 na maji mililita 430. Kanda dakika 10 hadi ulainike, funika, uweke kwenye jokofu usiku kucha. Baridi huufanya ukae pale unapouweka. Asubuhi ukande tena kidogo ili hewa itoke.

Gawa hivi: gramu 400 kwa kitako, gramu 300 kwa mabua, gramu 400 kwa masuke, na kinachobaki, kama gramu 90, kwa mshipi na panya wa pambo. Kitako kisukume kiwe na unene wa sentimita moja, umbo la uyoga: kichwa kipana juu, shina chini. Kiweke kwenye trei kabisa kabla hujaanza kupamba, maana baadaye hakibebeki. Kichome uma kila mahali, kisha kipake maji. Hatua ya uma ndiyo inayosahauliwa zaidi; pasipo matundu, mvuke hukusanyika chini na kuinua mapambo yote.

Mabua ni kamba 25 nyembamba zilizolazwa bega kwa bega juu ya shina. Masuke ni vipande 50 vya gramu 8, kila kimoja kikiwa na umbo la kokwa ya tende; vikate kwa ncha ya mkasi pande zote mbili ili punje zisimame. Anza kuvipanga ukingoni mwa kichwa ukielekea katikati, kila safu ikifunika kidogo ile iliyotangulia. Suka mshipi wa kamba tatu, uuvushe mahali masuke yanapokutana na mabua. Panya mdogo juu ya mabua ni desturi ya waokaji wa Uingereza, watoto humtafuta.

Paka yai lililopigwa na chumvi kidogo, mara mbili, na usiruhusu lijae kwenye mikato kwa sababu litaigandisha. Usiuache uumuke. Uingize mara moja kwenye oveni yenye nyuzi 220 kwa dakika 15 hadi 20, kisha punguza hadi 170 kwa dakika 25 au 30. Ukianza kuwa mweusi juu, ufunike kwa karatasi ya alumini. Kama ni wa pambo tu, endelea kuukausha kwa nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Unyevu ukibaki ndani utaota ukungu.

Mkate huu unawaunganisha watu wa pande mbili. Makanisa ya Uingereza huuweka mbele ya madhabahu kwenye ibada ya mavuno, ibada ambayo kwa sura yake ya sasa hutajwa kuanzia kwa mchungaji Robert Stephen Hawker huko Morwenstow, Cornwall, Oktoba 1843. Msomaji aliyelelewa katika usharika wa Kilutheri au Kianglikana na kuona ndizi, mahindi na kuku wakipigwa mnada siku ya mavuno ataitambua roho yake. Wapagani huoka mkate huo huo Agosti 1. Tofauti ni kwamba wao huumega kwa mikono bila kisu, na kipande cha kwanza hupelekwa ardhini.

Jirani yangu anafuata miungu ya Kigiriki na hali nyama. Nataka kumpelekea chakula siku ya Shukrani ya Kanada. Nipike nini? (Msomaji, Toronto)

Umebahatika na tarehe. Tangu 1957 Kanada huiadhimisha Jumatatu ya pili ya Oktoba, na mara nyingi katika majira hayo wafuasi wa miungu ya Kigiriki huwa karibu na Pyanepsia, sikukuu ya Apollo iliyofanywa Athens siku ya saba ya mwezi wa Pyanopsion. Tarehe hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo mwulize yake ni lini. Chakula chake ni sufuria ya nafaka na mbegu za jamii ya kunde zilizochemshwa. Anayejua kupika makande au githeri ameshajua nusu ya kazi.

Tumia ngano nzima gramu 200, dengu gramu 200, adesi gramu 150. Loweka ngano na dengu saa 12 katika vyombo tofauti, adesi usiloweke. Chemsha dengu saa moja hadi saa moja na nusu, ngano kama dakika 50, adesi dakika 25. Kila kimoja peke yake, kwa sababu vikiingia pamoja adesi zitakuwa uji kabla dengu hazijaiva. Vichanganye, utie mafuta ya zeituni vijiko vinne vya mezani, chumvi, giligilani, na punje za komamanga juu. Wengine hutia asali.

Mambo mawili ya hatari. Wagiriki wa kale walitumia pia maharage mapana, yale yanayouzwa kwenye maduka ya Waarabu kwa jina la ful. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao upo kwa wingi kwenye familia zinazotoka maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu akiyala. Yaache, au uulize kila atakayekula. Ukitaka kuongeza maharage mekundu, yaloweke, mwaga maji yake, kisha uyachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya umeme inayopika polepole haifikii joto hilo, na sumu iliyomo hubaki na kusababisha matapishi makali.

Ni kweli wapagani wengine wa Marekani wanaisusia siku ya Shukrani kwa sababu ya Wahindi Wekundu? Na sisi wageni inatuhusu? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

Ni kweli kwa baadhi yao. Wenyeji hao wa asili ni vyema waitwe kwa majina ya mataifa yao, na hapa wanaohusika kwanza ni Wawampanoag.

Mlo wa 1621 wa walowezi wa Kiingereza na Wawampanoag, unaotajwa kuwa chanzo cha siku hiyo, ulikuwapo. Barua ya Edward Winslow, mlowezi aliyekuwa Plymouth, Massachusetts, wakati huo, inasema Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alikuja na watu wapatao 90, wakala pamoja siku tatu, na wageni wakaleta swala watano. Kinachofichwa ni kilichofuata. Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya walowezi na Metacom, mtoto wa Massasoit huyo huyo. Alipouawa mwaka 1676 kichwa chake kiliwekwa juu ya mti huko Plymouth kwa miaka. Mwaka 1970 Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alialikwa kuhutubia karamu ya kutimiza miaka 350 tangu walowezi wafike. Waandaaji walipoisoma hotuba yake wakaikataa. Yeye na wenzake wakakusanyika Cole's Hill, Plymouth, na tangu hapo kila Alhamisi ya nne ya Novemba, saa sita mchana, hufanyika Siku ya Maombolezo ya Kitaifa. Baadhi ya wahudhuriaji hufunga.

Wapagani wanaoheshimu ardhi huliona jambo hili zito kuliko wengine, kwa sababu dini yao inawataka waishukuru ardhi waliyopo, na ardhi hiyo ina wenyewe. Baadhi hufunga hadi jioni. Baadhi hula na familia lakini huondoa mapambo ya walowezi na kuwaeleza watoto habari za Metacom. Wengine hukadiria gharama ya karamu na kupeleka kiasi kwa shirika linaloongozwa na wenyeji wa eneo lao. Kati ya hayo sisi tunaupa uzito mchango wa fedha, kwa kuwa unafika mahali.

Yapo makosa yanayofanywa kwa nia njema. Kuchoma sage nyeupe ni moja. Mmea huo hukua porini kusini mwa California na Baja California, huvunwa kwa wizi, na una nafasi yake katika ibada za wenyeji. Rosmari ya bustanini inafaa kwa moshi wa kusafisha nyumba. Lingine ni kuichukua Hotuba ya Shukrani ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, na kuisoma kama ibada ya mtu binafsi. Yafaa kuisikiliza na kujifunza mpangilio wake, jinsi inavyotaja watu, maji, samaki, mimea, pepo, jua, mwezi na nyota, kila kimoja kwa zamu. Lakini maneno yatafute yako.

Inawahusu nyinyi wageni? Ndiyo, kwa kiasi cha kujua. Tafuteni Phoenix ilijengwa juu ya ardhi ya nani. Mtakutana na Waakimel O'odham, na mifereji ya kale ya umwagiliaji iliyochimbwa karne nyingi kabla ya mji wenyewe.

Mpangaji mwenzetu mpagani humwaga vinywaji na kuacha sadaka uani. Mwenye nyumba analalamika juu ya panya. (Msomaji, Minneapolis)

Mwenye nyumba ana haki. Sadaka ya uani iwe kidogo, isizidi kiganja, na iondolewe asubuhi. Chumvi na pombe kali huua nyasi. Zabibu na chokoleti huua mbwa. Mifupa iliyopikwa huwakaba. Asali ya dukani isiachwe nje kamwe, kwani huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa unaoangamiza mizinga ya nyuki. Katika nyumba ya kupanga, maji safi kwenye mizizi ya mti yanatosha, au chakula kipelekwe kwenye ghala la chakula la hisani kwa jina la anayeshukuriwa. Makundi mengi ya wapagani hukusanya makopo ya vyakula kila Septemba kwa ajili hiyo. Na mishumaa isiachwe nje bila mtu.

Mgeni wetu Mjerumani anakaa nasi Eldoret. Ni mpagani, na anataka kusherehekea mavuno Septemba 22, lakini mahindi yetu bado yamesimama shambani. (Msomaji, Eldoret)

Kalenda yake ilipangwa kwa majira ya kaskazini mwa Ulaya. Wapagani wa Australia na New Zealand huigeuza kwa miezi sita, Lammas ikawa mwanzoni mwa Februari na ikwinoksi ya mavuno ikawa Machi. Karibu na ikweta hata hilo halisaidii, kwani urefu wa mchana haubadiliki sana. Afuate zao lenyewe la shambani. Kwenu mahindi makavu huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Akikaa Mbeya au Iringa ingekuwa katikati ya mwaka. Septemba kwenu kuna mahindi mabichi, nayo yanatosha kuwa mavuno ya kwanza. Mchomeeni, aseme maneno yake, na karamu kubwa isubiri gunia la kwanza.

Mwambieni jambo moja mapema: asimwage kinywaji wala kuacha chakula kwenye shamba la mtu mwingine, hasa jioni. Jirani akikuta vitu asivyovijua kwenye mpaka wa shamba lake atafikiri ni uchawi, na lawama itawaangukia nyinyi mliompokea. Afanye mchana, kwenye kiwanja chenu, na majirani waalikwe kula.